Chuo Kikuu na Daftari la Wageni

Tarehe 25 Oktoba 1961, zikiwa zimebaki wiki sita na ushei Tanganyika ijitawale, milango ya chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii ilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Hapakuwa na mlima, wala Ukumbi wa Nkrumah, wala maktaba ya ghorofa. Palikuwa na kitivo kimoja tu, nacho ni cha Sheria, na wanafunzi wasiozidi 14. Chama kilikuwa kimejijengea makao yake, na kabla hakijakaa kitako kikawapisha wanafunzi. Hivyo basi elimu ya juu ya nchi hii ilianza maisha yake ikiwa mgeni katika nyumba ya wanachama.

Twakumbusha jambo hili si kwa kutaka shukrani, bali kwa sababu mgeni aliyekirimiwa ana wajibu wake. Mwalimu Nyerere alipata kuueleza wajibu huo kwa mfano ambao wazee wengi bado wanaukumbuka. Alisema kuwa mtu aliyepewa nafasi ya kusoma ni sawa na yule aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwatafutia wenzake chakula. Akila, akaenda, asirudi, huyo amewasaliti wenzake.

Watu wakiutaja mfano huo, aghalabu humfikiria msomi mwenyewe: je, amerudi nyumbani au amebaki mjini? Lakini msomi harudi kwa miguu yake tu. Hurudi pia kwa kazi yake, yaani utafiti alioufanya, mashine aliyoibuni, kamusi aliyoitunga, mchezo alioutoa jukwaani. Ni kazi hizo ambazo twataka kuzitazama leo. Kila mwaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufanya Wiki ya Utafiti na Ubunifu, na hapo wanafunzi na walimu wa fani mbalimbali, kuanzia uhandisi na elimu ya bahari hadi sheria, lugha na sanaa, huonyesha walichokifanya. Ni jambo jema, na anayeweza kupanda Mlimani na aende akaone. Swali letu ni la baada ya maonyesho. Meza zikishakunjwa, kazi hizo huenda wapi?

Hatuna budi kurudi nyuma kidogo, kwani swali hili ni la zamani. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao zaidi ya 300, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe. Wengi wao walirejeshwa masomoni mwaka uliofuata. Mengi yamekwisha semwa juu ya mkasa huo, na hatutayarudia. Linalotupendeza sisi ni lile lililotokea muda mfupi baadaye, ambalo halikupigiwa tarumbeta: wanafunzi wa Chuo kile kile walichukua daftari na kalamu, wakaenda vijijini kuwauliza wazee.

Ulikuwa mwaka 1968. Idara ya Historia ilikuwa imeanzisha mradi wa kukusanya habari za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Mpaka wakati huo habari za vita hivyo zilikuwa zimeandikwa zaidi na waliovishinda. Gavana wa Kijerumani wa siku zile, von Götzen, alikuwa ametoa kitabu chake tangu mwaka 1909, nacho kinaeleza uasi kama serikali yake ilivyouona. Waliopigana upande wa pili hawakuwa na kitabu. Walikuwa na kumbukumbu. Na msomaji atafanya hesabu mwenyewe: kijana aliyekuwa na umri wa miaka 15 vita vilipoanza, mwaka 1968 alikuwa mzee wa miaka 78. Kama kazi ile ingengoja miaka kumi zaidi, wengi wangekuwa wamekwisha kuzikwa pamoja na maneno yao.

Wanafunzi walikwenda sehemu za kwao, maana huko ndiko walikojua lugha na adabu ya kuzungumza na wazee. Walikaa nao barazani, wakauliza habari za maji yale ya dawa, za Kinjikitile wa Ngarambe, na za njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuteketeza mashamba na maghala. Kinjikitile mwenyewe alikuwa amenyongwa Mohoro mwezi wa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaenea. Pamoja na kazi ya wanafunzi hao kulikuwa na ya walimu na watafiti, na mwaka huo huo wa 1968 Gwassa na Iliffe walitoa kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo. Kwa mara ya kwanza sauti ya mkulima wa Umatumbi ilikaa kwenye ukurasa mmoja na sauti ya gavana, wala si chini yake.

Hiyo ndiyo kazi ya chuo kikuu, na hatusiti kuisifu. Walakini ripoti za wanafunzi hao ziliandikwa kwa Kiingereza. Mzee alisimulia kwa Kimatumbi au Kingoni. Kijana akasikiliza, akaandika kwa lugha ambayo mzee hakuijua. Karatasi zikajumuishwa, zikawekwa Mlimani. Hatumlaumu kijana. Ndivyo alivyoagizwa, na kwa lugha hiyo ndivyo alivyopewa alama.

Iliyorudi kwa watu ilipita mlango mwingine. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, kijana wa Lindi aliyesoma Chuoni hapo hapo, alitoa tamthilia yake, Kinjeketile. Aliiandika kwa Kiswahili. Yeye si mwanahistoria, wala hakudai kuwa ndiye. Kinjeketile wa jukwaani si yule wa Ngarambe kwa kila jambo. Lakini tamthilia hiyo ilichezwa, ikachapishwa, ikaingia mashuleni, na watoto waliozaliwa miaka sitini na sabini baada ya vita wamejua shaka na uchungu wa mtu yule kwa lugha yao wenyewe. Twaomba msomaji aziweke kazi hizo mbili pamoja: zilifanyika kilima kimoja, karibu wakati mmoja, na habari yake ni moja. Moja ilibaki rafuni, nyingine ikatembea.

Upande wa lugha, Chuo kina sifa ambayo hakuna awezaye kukinyang'anya. Kamati iliyoanza kazi ya kusanifisha Kiswahili mwaka 1930 ndiyo iliyoingizwa Chuoni mwaka 1964 na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na kutoka humo ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Sasa imo ndani ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Mwaka 1990 ilitoka kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Baadaye, kuanzia mwaka 2001, walimu na wanafunzi walizunguka nchi katika Mradi wa Lugha za Tanzania, wakisajili lugha zinazosemwa na mahali zinaposemwa. Mwaka 2009 walitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyoonyesha kuwa nchi yetu ina lugha zaidi ya 150. Atlasi hiyo ni ya Kiswahili. Mtu wa Kahe au Usumbwa akiifungua hahitaji mkalimani ili ajue kwamba naye amehesabiwa.

Sasa tuende Malya, katika Mkoa wa Mwanza, maana huko kulifanyika jambo ambalo twadhani halijapewa heshima yake. Mwaka 1982 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu, miongoni mwao Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda kijijini hapo. Hawakwenda na mchezo uliokwisha tungwa mjini ili waje kuwafundisha wanakijiji tabia njema. Mafunzo ya namna hiyo wananchi wameyaona mengi: gari linafika, kipaza sauti kinafungwa juu ya mti, ngonjera inaghaniwa juu ya faida ya kuchemsha maji, gari linaondoka. La hasha. Walikaa na watu, wakawauliza ni mambo gani yanayowasumbua, na wanakijiji wenyewe wakayachambua. Kisha wakayatungia michezo kwa ngoma zao na kwa maneno yao, wakayacheza mbele ya wenzao, na baada ya mchezo watu hawakutawanyika bali walikaa kujadili.

Miongoni mwa mambo yaliyojitokeza ni wasichana kupata mimba wakiwa bado wadogo. Aliyepata kuhudhuria mkutano wa kijiji anajua jinsi jambo hilo linavyozungumzwa: wazee huwalaumu wasichana, wasichana hunyamaza, na mwanamume aliyehusika hukaa pale pale barazani akiitikia kwa kichwa. Katika mchezo mambo hayaendi hivyo. Mchezaji ana ruhusa ya kusema yale ambayo binti hawezi kuyasema mkutanini, kwa kuwa si yeye asemaye, ni mchezo. Anayejitambua humo hawezi kulalamika bila ya kujitaja. Hiyo ni siasa ya kweli ya kijiji, nayo ilifanywa na walimu wa chuo kikuu bila ya kushika kipaza sauti.

Kazi hiyo haikuishia Malya. Mwaka 1996 walimu wa idara ile ile walianzisha mradi waliouita Tuseme, kwa ajili ya wasichana wa shule za sekondari: wasichana wachunguze wenyewe yanayowazuia kusoma, wayaigize, wayaseme mbele ya walimu wao, na wadai yatafutiwe dawa. Mradi huo umevuka mipaka, na nchi nyingine za Afrika zimeuchukua pamoja na jina lake la Kiswahili. Hata hivyo, kitabu kikubwa kinachoeleza kazi ya Malya kilitoka mwaka 1991, kwa Kiingereza, katika mji wa Uppsala, huko Sweden. Twatabasamu kidogo, kisha twaendelea.

Wahandisi tutawapitia haraka, si kwa kuwadharau, bali kwa sababu wasomaji wetu walioko viwandani wanawajua kuliko tuwajuavyo sisi. Tangu Kitivo cha Uhandisi kilipoanza mwaka 1973, mwanafunzi wake hutakiwa kutoka darasani na kwenda kufanya kazi katika viwanda na karakana kabla ya kupewa shahada. Fundi aliyekaa na mashine miaka ishirini ndiye humwonyesha mhandisi wa kesho jinsi ya kuisikiliza inapougua. Mwanafunzi huandika ripoti, msimamizi huitia sahihi, ripoti hupelekwa Chuoni. Je, ni mafundi wangapi waliopata kuletewa ripoti hiyo wakaambiwa: haya ndiyo tuliyoyaona katika kiwanda chenu, na hapa ndipo pangeweza kurekebishwa? Wanaojua watatuambia.

Kwa upande wa bahari tuna mengi zaidi ya kusema, kwa kuwa huko tunda limeonekana, na shida yake pia imeonekana. Katika miaka ya 1970 Keto Mshigeni, mwalimu wa elimu ya mimea Chuoni, alikuwa akichunguza mwani wa pwani yetu, akisema kuwa waweza kulimwa kama mazao mengine. Wakati ule watu waliokota tu ule ulioletwa na mawimbi, na bila shaka wako waliomwona mwalimu yule anapoteza wakati kwa takataka za ufukweni. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha kuuza kilianza mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Mwani hutolewa utomvu unaotumika kuzitia uzito dawa za meno, vyakula na dawa za hospitali, na wanunuzi wake wako ng'ambo.

Kazi hiyo iliangukia mikononi mwa wanawake. Wakati wa bamvua, maji yakipwa sana, huenda ufukoni kuchomeka vijiti, kutandaza kamba na kufunga vipande vya mwani kwa vikamba vidogo wanavyoviita taitai. Wako maelfu. Kwa wengi wao hiyo ndiyo iliyokuwa fedha ya kwanza kuishika bila ya kuiomba kwa mume: sare za shule, bati la nyumba, na hata talaka iliyodaiwa na mwenye nguvu ya kuidai. Wanaume waliocheka mwanzoni waliacha kucheka.

Lakini ziko aina mbili za mwani unaolimwa. Moja, kotonii, ina bei nzuri. Nyingine, spinosamu, ina bei ya chini. Na ile yenye bei nzuri haivumilii joto. Maji ya kina kifupi yamezidi kupata moto, na kotonii hupauka, huugua na kukatika kamba kwa kamba. Mkulima hubaki na spinosamu, ambayo ni lazima auze nyingi ili apate kidogo. Hapo ndipo Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, ilipokuwa na kazi ya kufanya. Flower Msuya na wenzake walijaribu pamoja na wakulima kupanda kotonii katika nyavu za mirija kwenye maji ya kina kirefu, ambako joto ni pungufu. Na tangu mwaka 2006, katika umoja wa wakulima, watafiti na wafanyabiashara wa mwani, wanawake wamefundishwa kusaga mwani na kuutengenezea sabuni na bidhaa nyingine badala ya kuuza magunia makavu tu.

Tusidanganyane kwamba shida imekwisha. Maji ya kina kirefu yanataka chombo na yanataka kujua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Bei bado hupangwa na mnunuzi. Lakini itazameni namna yenyewe ya kufanya kazi. Mtafiti hakuja mara moja na kuondoka na majibu yake mfukoni. Alirudi msimu baada ya msimu, na alipokosea aliambiwa hapo hapo majini na wale waliokuwa wakipata hasara.

Hata Morogoro, ambako Kitivo cha Kilimo cha Chuo hiki kilikua hadi kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, kuna kazi ya kustaajabisha: tangu mwaka 2000 panya buku wanafundishwa hapo na shirika la APOPO kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye kunusa kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Morogoro, alipewa nishani ya dhahabu huko Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Mkulima wetu aliyezoea kumfukuza panya buku ghalani atakuwa na lake la kusema.

Sasa tuje kwenye daftari. Mwandishi wa makala haya alipata kungoja kwa saa nyingi katika ofisi ya kijiji kimoja cha pwani, na kwa kukosa la kufanya akafungua daftari la wageni. Kila mtu anayajua madaftari hayo: tarehe, jina, atokako, sababu ya kuja, sahihi. Katika kurasa chache tu nilihesabu wageni kumi na mmoja walioandika neno moja katika safu ya sababu: utafiti. Wengine walitoka vyuo vya hapa, wengine ng'ambo. Wote walikuwa na vibali vilivyopita mkoani, wilayani na katani, vikagongwa mihuri. Nilimwuliza mtendaji anionyeshe ripoti ya yeyote kati yao. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mvua ya mwaka juzi. Kabatini mlikuwa na risiti, katiba ya chama cha ushirika na mpira wa vijana. Ripoti haikuwamo hata moja.

Tukiwauliza wenyewe Mlimani, tunapewa majibu matatu. La kwanza ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya sayansi. Jibu hilo tunalirudisha kwa Taasisi yao wenyewe, ambayo imekuwa ikitoa kamusi za istilahi tangu mwaka 1990. Tena Idara ya Kiswahili imefundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1970 na shahada zake hazijapungua uzito. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kipande hadi chuo kikuu. Pendekezo hilo liliwekwa kando, nasi hatutalifufua leo katika aya moja. Jibu la pili ni kwamba anayelipia utafiti mara nyingi yuko ng'ambo, na ndiye anayetaka ripoti kwa lugha yake. Hilo ni kweli, na ni zito. Lakini kulipiwa ripoti ya kurasa mia mbili kwa Kiingereza hakumzuii mtu kuandika kurasa nne kwa Kiswahili. Jibu la tatu, ambalo twaliheshimu zaidi, ni kwamba si kila utafiti una faida ya kesho asubuhi, na kwamba chuo kikuu kikigeuzwa kuwa karakana ya majibu ya haraka kitakufa. Twakubali. Mshigeni alichunguza mwani miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuuza gunia moja. Hatuombi kila kazi ilete sabuni. Twaomba kila kazi imwambie aliyeulizwa maswali ni nini kilichoonekana, hata kama kilichoonekana ni kwamba jibu bado.

Njia ipo, wala haihitaji tume. Mwanafunzi anayekwenda kijijini, kiwandani au forodhani huhitaji muhuri ili aingie. Basi na ahitaji muhuri ule ule ili amalize. Aandike muhtasari wa kurasa nne, kwa Kiswahili kinachosomeka, aupeleke kwa mtendaji wa kijiji au kwa kamati ya wafanyakazi, ugongwe muhuri na tarehe, nakala moja ibaki kabatini na nyingine iambatanishwe na tasnifu. Msimamizi asitie sahihi kabla hajauona. Walimu nao wafanye vivyo hivyo, kwa maana mwanafunzi hutazama nyayo.

Na kama Chuo kinatafuta pa kuanzia, kianze na karatasi za mwaka 1968. Zigawanywe kwa wilaya, zitafsiriwe, zipigwe chapa kwa bei ndogo: za Umatumbi zipelekwe katika shule za Kilwa, za Ungoni ziwekwe katika Makumbusho ya Maji Maji pale Songea, za Liwale na Mahenge zifike Liwale na Mahenge. Wazee waliosimulia wamekwisha ondoka wote. Wajukuu na vitukuu wao wapo, wanajua kusoma, na baadhi yao watakuta humo jina la babu.